Manyoya ya Bawa la Kushoto

Inspekta Pelham aliyapanga manyoya mezani, matita matatu, akayahesabu kwa ncha ya kalamu mbele ya Sajini Muasya, utadhani Muasya hakujaliwa vidole vya kuhesabia mwenyewe. Kila tita lilikuwa na manyoya kumi na sita ya bata bukini, meupe, marefu, yamefungwa kwa uzi mwekundu.

"Hii hapana manyoya, Sajini," alisema Pelham, kwa kile Kiswahili alichokiokota shambani na hakuona haja ya kukisafisha. "Hii hesabu ya watu. Nyoya moja, mtu moja. Tita moja, kiapo moja."

Ilikuwa Januari ya mwaka 1955, mwaka wa tatu wa hali ya hatari, na pale kituo cha Thika kitu hakikuhitaji kufanana na kiapo cha waasi wa msituni ili kiitwe kiapo. Juma lililotangulia mama mmoja alikuwa amelala ndani siku mbili kwa ajili ya kibuyu chenye matundu, na kibuyu chenyewe kilikuwa cha kuchujia maziwa.

Mwenye manyoya aliitwa Ndung'u, mtunza bata wa shamba moja la kahawa huko Ruiru. Nyumba yake ilipekuliwa Jumapili. Juu ya hayo, homgadi mmoja, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuwa ameandikisha kwamba kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, alfajiri, kabla watu hawajaruhusiwa kutoka, alimwona Ndung'u akivuka reli peke yake. Alipoulizwa anakwenda wapi, alinyamaza. Alipoulizwa mara ya pili, kwa namna ambayo Muasya hakupenda kuikumbuka, alinyamaza vilevile.

"Lori ya kambi nakwenda Alhamisi saa sita," Pelham alisema. "Yeye ndani."

"Nipe mpaka hiyo Alhamisi, Bwana."

"Ya nini? Maneno nakwisha."

"Kama haya ni watu, Bwana, tunao arobaini na wanane. Lori halitatuambia majina yao."

Pelham alimtazama, akakuna shavu. Hakupenda kufundishwa hesabu, lakini watu arobaini na wanane ni wengi hata kwa inspekta. Akamsukumia tita moja.

Ndung'u alikuwa ameketi sakafuni katika chumba cha mwisho cha mahabusu, mgongo ukutani, mdomo umevimba upande mmoja. Mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba. Muasya alichuchumaa mbele yake, akamsalimia, akaomba aone mikono.

Aliishika kama mnunuzi wa ng'ombe, akaigeuza juu chini. Sugu ya jembe hukaa kwenye viganja vyote viwili, chini ya vidole. Ndung'u alikuwa nayo hiyo, ya zamani, imeanza kulainika. Lakini mkono wa kulia ulikuwa na nyingine, mpya, ndogo, upande wa ndani wa kidole gumba na chini ya kidole cha shahada. Muasya alijaribu kuwaza kifaa cha kazi kinachoshikwa hivyo, kwa mkono mmoja, kwa vidole zaidi kuliko kiganja. Si panga, si ndoo, wala si fimbo ya kuswagia bata.

"Hii umeipata wapi?"

"Kazini, afande."

"Kazi gani?"

"Kazi tu."

"Ndung'u, ukipanda lile lori, mimi sijui mtu aliyepanda akarudi mwaka huohuo. Mke wako yuko hapo nje kwa geti tangu asubuhi."

Ndung'u aliinua macho aliposikia habari za mkewe Wamboi, kisha akayashusha. "Mwambie arudi nyumbani. Jua ni kali."

Basi Muasya alianza na kitu rahisi. Manyoya mengi duniani huishia ndani ya mito, na mjini Thika aliyejua mito kuliko watu wote alikuwa Nicanor Opiyo, fundi wa magodoro, Mjaluo mwenye kifua kipana na pamba kwenye nyusi, aliyeshona barazani pa duka la Mhindi. Alikuwa pia mmoja wa watu wawili watatu mjini waliomwongelesha Muasya bila kuangalia kwanza sare. Miaka mitano Thika, na bado Mkamba huyo alikula chakula chake peke yake. Wenyeji walimwogopa kwa sababu ni polisi, na polisi wenzake walimwona mtu wa maswali mengi. Alikuwa mpweke, na hakuna aliyemuuliza.

Nicanor alifungua tita, akacheka.

"Sajini, unataka kulalia hii? Itakutoboa shingo! Mto unajazwa na manyoya ya kifua, ile laini. Hii ni ya bawa."

"Labda mtu hajui kazi."

"Anajua, tena sana. Ameosha, amekausha, amekata kipimo moja." Nicanor aliyaweka manyoya mawili gotini, akayalaza. Halafu matatu. "Ebu ona. Zote zinapinda upande moja. Bata ana bawa ngapi?"

"Mawili."

"Huyu amechukua ya kushoto peke yake. Kumi na sita, na hakuna hata moja ya kulia. Mimi nikijaza mto sichagui bawa, na sioni mtu wa kiapo akichagua. Huyu alikuwa anataka zikae pamoja, moja juu ya mwenzake, zielekee njia moja."

Muasya aliyarudisha manyoya kwenye uzi, mawazo yakikimbia mbio. Aliwahi kulinda kilabu cha maofisa huko Nyeri, na mchana kutwa alisimama mlangoni akiwatazama Wazungu wakipiga kizibo chenye manyoya juu ya wavu. Mpira wa vinyoya. Manyoya ya kile kizibo yalilaliana vivi hivi. Na upande wa pili wa reli ya Ruiru, alikokuwa akivukia Ndung'u, kulikuwa na ukumbi mmoja tu wenye mchezo huo, nao ulikuwa wa Wagoa, wale Wahindi Wakristo.

Akachukua baiskeli ya kituo. Njia ilimpitisha kijiji cha Gitothua, na kila alipopita watoto waliacha kucheza na wanawake wakageukia kuta, mpaka akatamani njia nyingine.

Ilikuwa saa kumi alasiri alipousukuma mlango wa ukumbi. Ndani mtu mmoja, mweupe kwa mavazi na wa kahawia kwa ngozi, alikuwa akipiga kinyoya ukutani. Ukuta ulikuwa umechorwa mstari wa urefu wa wavu. Kinyoya kilikwenda, kikagonga, yule mtu akakiwahi kabla hakijaanguka. Hakumwona mgeni kwa muda mrefu. Alicheza upande wa kushoto wa uwanja peke yake, na upande wa kulia, uliokuwa mtupu, hakuukanyaga hata mara moja. Vinyoya vilivyokwenda huko aliviacha vianguke.

"Bwana Furtado?" Jina alilipata stesheni, alipouliza nani hucheza humo.

Lazaro Furtado, karani wa mizigo wa stesheni ya Ruiru, miaka thelathini na minane, alifuta jasho kwa kitambaa kilichokunjwa vizuri mno. Alizungumza polepole, kama mtu ambaye sauti yake haijatumika tangu asubuhi.

"Ukumbi hufunguliwa saa kumi na moja, Sajini."

"Sikuja kucheza."

Muasya alitembea hadi kwenye picha ya ukutani. Vijana wawili, raketi zimepishana kifuani. Mmoja alikuwa Furtado, nywele zikiwa bado nyingi.

"Bombay," alisema Furtado. "Mwaka arobaini na tisa. Halafu Colombo. Halafu Penang, na huko tulifika nusu fainali. Wale Wamalaya walitutoa jasho la damu, lakini tulifika."

"Wewe na huyu?"

"Anacleto. Mimi nacheza wawili wawili tu, Sajini. Sijawahi kucheza peke yangu, sina mbio za kutosha. Anacleto alikuwa mbele, mimi nyuma. Miaka sita. Kisha alioa Beira, akabaki huko."

"Mnaandikiana?"

"Yeye ana watoto sasa."

Chini ya picha palibandikwa barua, na Muasya aliisoma bila kuomba ruhusa, ndiyo kazi yake. Kamati ya mchezo ilimteua Bwana L. Furtado kwenda London, mashindano makubwa ya mwezi wa Machi. Meli ingeondoka Mombasa tarehe kumi na mbili Februari. Mwenzake angekuwa mchezaji wa Mombasa, jina lake lilikuwapo.

"Unamjua?"

"Sijamwona hata akishika raketi. Kamati ndiyo inachagua. Lakini ni London, Sajini. Nimeingoja tangu nikiwa na miaka ishirini, na kwa umri wangu hakuna nyingine."

Ndipo Muasya akatoa tita. Mkono wa Furtado ulinyooka wenyewe kulipokea, kisha ukarudi mfukoni.

"Ni yangu," alisema. "Vinyoya vya Uingereza huku kwetu juu havifai, hewa ni nyepesi, vinapaa mpaka nje ya mstari. Natengeneza vyangu, vyepesi kidogo, visiende mbali. Bata wakichinjwa Krismasi, Ndung'u ananiwekea manyoya. Lazima yawe ya bawa moja, la sivyo kinyoya kinayumba."

"Na alfajiri tatu kwa juma?"

"Anafagia ukumbi."

"Anafagia."

"Ndiyo."

Muasya aliinama, akaitazama sakafu. Ilikuwa ya mbao, imepigwa nta. Upande wa kushoto raba za viatu zilikuwa zimeacha michirizi myeusi. Upande wa kulia hapakuwa na mchirizi hata mmoja, lakini nta ilikuwa imelika vilevile, na palipolika palionekana alama za vidole vya miguu, vitano vitano, vimejikita kwa nguvu. Mfagiaji hupita huku na huku. Huyu alikuwa amesimama nusu moja ya uwanja, miezi na miezi, akiruka peku.

"Bwana Furtado, yule mtu anaambiwa manyoya haya ni viapo. Alhamisi saa sita anapelekwa kambini."

Uso wa karani ulipauka. "Yeye amesema nini?"

"Hajasema kitu. Ndiyo sababu anapelekwa."

Furtado aliketi kwenye benchi. "Kanuni ya ukumbi ni kwamba Mwafrika haingii ila na ufagio," alisema hatimaye. "Na siku hizi, kumpokea Mkikuyu kabla ya saa za ruhusa... Kamati ikisikia, Sajini, si London tu. Hata hapa sitaingia."

Muasya hakumshurutisha. Aliokota kinyoya kimoja sakafuni, akauliza kama anaweza kukichukua, akakitia mfukoni. "Mimi nitakuwa kituoni Alhamisi," alisema. Akamwacha hapo hapo kwenye benchi, na mpaka anafika kwenye baiskeli hakusikia tena kinyoya kikigonga ukuta.

Jumatano asubuhi aliingia chumba cha mwisho wakati Ndung'u amemaliza uji. Sahani ya bati ilikuwa mkononi mwake, na Muasya hakutoa salamu. Alichomoa kinyoya mfukoni, akakirusha juu kuelekea kwake.

Mtu wa kawaida angejikinga, au angeduwaa. Ndung'u aliruka kutoka sakafuni, kifundo cha mkono kikageuka mara moja tu, na sahani ikakipiga kinyoya kwa sauti kavu. Kilipita chini chini karibu na sikio la Muasya, kikaangukia mlangoni. Lakini si hicho kilichomshangaza sajini. Baada ya kupiga, Ndung'u alikuwa amesogea hatua moja kando, upesi, bila kufikiri, akiacha nafasi upande wake wa kushoto. Anayecheza peke yake hurudi katikati. Yeye alikuwa amempisha mtu.

Wote wawili waliitazama ile nafasi.

"Umecheza naye muda gani?" Muasya aliuliza.

Ndung'u aliweka sahani chini. "Mwaka moja na nusu. Nilikuwa nafagia kweli, afande, mwanzo. Nikamwona anapiga ukuta kila siku peke yake, nikamhurumia. Mtu mzima hivyo, hana wa kumrudishia. Siku moja nikashika ile raketi ingine. Hakunifukuza." Alijipangusa mdomo uliovimba. "Alinifundisha kila kitu. Mimi napiga, yeye anafunika. Yeye akipiga, mimi nafunika. Hatuongei sana. Anasema 'yako', nasema 'yangu', basi."

"Kwa nini hukusema hayo kwa Inspekta?"

"Atakosa London."

"Na wewe utapata nini?"

"Mimi hapana kwenda London hata nikinyamaza, hata nikisema," alijibu Ndung'u. "Sasa, ni afadhali moja wetu aende. Na wewe usiseme, afande. Nakuomba."

Muasya alitoka akiwa na hasira, na hakujua hasira hiyo aielekeze kwa nani. Hata angesema, ingefaa nini? Neno la mshukiwa Mkikuyu, limeletwa na sajini Mkamba, mbele ya Pelham lisingefika hata ukingo wa meza. Iliyohitajika ilikuwa sahihi ya mtu wa kola na tai. Alifanya kazi zake zote za siku hiyo, na kila baiskeli iliyopiga kengele barabarani ilimfanya ageuke.

Alhamisi saa tano, lori lilikuja, likasimama uani. Wamboi alisimama nje ya geti na viazi vilivyofungwa katika kitambaa, hakulia. Saa tano u nusu watu wanane walipandishwa. Ndung'u alikuwa wa tisa, na askari alikuwa amekwisha kumshika mkono, wakati Lazaro Furtado alipoingia getini. Alikuwa na suti yake ya kanisani na begi la raketi.

Muasya aliharakisha kumfikisha kwa Pelham kabla mtu yeyote hajamwuliza anatafuta nini.

Furtado alizungumza kwa Kiingereza, amesimama, dakika kumi nzima. Alieleza habari za mabawa, za hewa, za kizibo. Alitoa kinyoya kilichokamilika na kukiweka kando ya tita, na hata Pelham, aliyewahi kucheza shuleni, aliona. Kisha akaulizwa habari za alfajiri. Uongo wa kufagia ulikuwa hapo hapo karibu, safi, wa kumtosha karani na safari yake, ila usingeweza kueleza kwa nini mfagiaji anakufa na siri ya ufagio.

"Alikuja kucheza na mimi," alisema Furtado. "Ni mwenzangu."

"Mtumishi wako?"

"Mwenzangu, Bwana. Wa uwanjani."

Pelham aliandika, akamsukumia karatasi. "Utaelewa kwamba ni wajibu wangu kuiandikia kamati yenu."

"Naelewa."

Akaweka sahihi, herufi zote, bila haraka. Pelham aliiandika hiyo barua ya kamati papo hapo, akaitia katika bahasha na kuilamba. Halafu akachukua kipande cha Ndung'u, kitambulisho chake, akapiga mhuri. Hakuna kambi. Lakini hakuna Ruiru pia: mtu aliyevunja saa za ruhusa mwaka mmoja na nusu arudi kwao Fort Hall leo hii, yeye na mke wake, asionekane tena upande huu. Pelham alidhani amekuwa mwema, na kwa kipimo cha mwaka ule labda alikuwa.

Lori liliondoka na watu wanane. Ndung'u alitoka getini akipepesa macho kwa jua. Wamboi alimshika kwapa, akampa kiazi. Muasya aliamriwa awasindikize hadi barabara ya Fort Hall, naye Furtado akafuata nyuma kidogo, kama mtu asiyejua kama amealikwa.

Walipofika njia panda Furtado alifungua begi, akamnyooshea Ndung'u raketi moja.

"Ni ile yako."

Ndung'u aliishika mpini, akaipima uzito mara moja, akairudisha. "Vizuizi viko vinne mpaka nyumbani. Kila askari ataniuliza hii ni ya nini. Nimechoka kueleza, Bwana Lazaro."

"Haya."

"Na London?"

Muasya alitazama vumbi. Dakika chache kabla alikuwa ameiona ile bahasha ikiingia kwenye mfuko wa posta.

"Iko," alisema Furtado. "Meli ni tarehe kumi na mbili."

Uso wa Ndung'u ulifunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, pamoja na uvimbe wake. "Sasa sikia. Huyo wa Mombasa hakujui. Mwambie ukirudi nyuma upande wa kushoto unachelewa, goti lako. Mimi nilikuwa nakufunikia na sikusema, nisikuvunje moyo. Yeye asipojua, watawapigia hapo kila mara. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Usisahau."

"Sitasahau," alisema Furtado, na akabaki amesimama na raketi mbili mkononi mpaka wale wawili walipopotea kwenye kona.